Ngao Isiyokwenda Vitani

Mtu akivaa deraya asiyokusudia kupigana nayo, hakosi wa kumcheka. Watasema kwamba chapeo isiyozuia rungu ni sufuria, na ngao isiyozuia mkuki ni sinia. Nataka kukuonyesha, msomaji, ya kuwa wanaocheka hivyo hawajafikiri sana. Katika nchi unayoikanyaga kila siku uendapo shuleni, baina ya Ruiru na Thika na vilima vilivyo nyuma ya miji hiyo, palikuwa na ngao iliyoheshimiwa sana, wala ngao hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya vita. Iliitwa ndome.

Kabla sijaieleza ndome, kwanza itazame nchi yenyewe. Ukisimama juu ya daraja la mto Chania mjini Thika, umesimama mahali ambapo nchi mbili za Wakikuyu hukutana. Kusini ni Kiambu, ambayo wazee waliiita Kabete. Kaskazini ni Murang'a, ambayo wazee waliiita Metumi. Ukigeuza uso mashariki, vilima huisha, na nyanda huanza kuelekea mlima wa Ol Donyo Sabuk. Jina la mlima huo ni la Kimaasai, nalo lakukumbusha kwamba wafugaji wa Kimaasai walizijua nyanda hizo tangu zamani. Basi wakulima wa vilimani na wafugaji wa nyandani walikuwa majirani. Walifanya biashara, walioana, na mara nyingine walinyang'anyana ng'ombe. Watu wakaao hivyo huigana, na waliigana hata katika silaha. Shujaa wa Kikuyu na shujaa wa Kimaasai wote walichukua mikuki na ngao ndefu za ngozi, na ngao hizo zilipakwa rangi.

Rangi hizo hazikuwa pambo tu. Wamaasai waliziita alama za ngao zao sirata. Mwingereza A. C. Hollis, aliyetoa kitabu juu ya Wamaasai mwaka 1905, na Mjerumani Moritz Merker, aliyemtangulia kwa mwaka mmoja, walikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kuyaeleza maisha na silaha za watu hao kwa marefu. Mtu aliyejua kuzisoma sirata aliweza kuitazama ngao akajua mwenye kuichukua ni wa kundi gani. Kwa hiyo ngao ilikuwa na kazi mbili: ilikinga mwili, na ilisema. Sasa fikiri, ukiiondolea ngao kazi ya kwanza, ukaiachia ya pili peke yake, itabaki nini? Itabaki ndome.

Ndome ilichongwa kwa kipande kimoja cha mti. Umbo lake lilikuwa refu, lenye kuchongoka juu na chini, na kimo chake kilikuwa kadiri ya sentimita 60. Upande wa ndani mchongaji aliacha pete ya mti ule ule, ili mkono upite. Mwenye ndome hakuishika kiganjani kama ashikavyo mpiganaji. Aliivaa juu ya kiwiko, katika mkono wa kushoto. Waliovaa ngao hizo walikuwa vijana waliongojea kutahiriwa, nao walicheza nazo katika ngoma zilizotangulia siku hiyo kubwa. Kijana wa namna hiyo alikuwa hajawa shujaa bado, maana katika desturi za Wakikuyu kutahiriwa ndiko kulikomfungulia mtu mlango wa kuingia katika rika lake na katika kazi ya kuilinda nchi. Basi deraya ya kwanza ya maisha yake ilikuwa ya mchezo. Aliivaa sura ya askari kabla hajawa askari, akajifunza uzito wake.

Lakini usidhani kwamba kila kijana alipaka rangi apendavyo. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la insha hii. Kila ilipokaribia sherehe mpya, wakubwa walikaa barazani na kukata shauri juu ya nakshi ya mwaka huo. Nakshi iliyokubaliwa ndiyo iliyofuatwa, ili watazamaji waujue mtaa ambao vijana wametoka na waijue rika yao. Aghalabu mvaaji hakuwa mwenye ndome wa kwanza. Ngao zilirithiwa, kizazi baada ya kizazi. Rangi ya zamani ilikwanguliwa, na nakshi mpya ikapakwa juu ya mti ule ule. Walakini upande wa ndani, usioonekana na watazamaji, ulichongwa mistari ya kwenda upogo, na mistari hiyo haikubadilishwa sana. Nje palisema habari za rika moja. Ndani palikuwa pa marika yote.

Waweza kuuliza, kwa nini wakubwa walijisumbua hivyo kwa ajili ya ngao ya ngoma? Jibu ni kwamba usahihi wa nakshi ulikuwa ni kiungo cha watu. Vijana kumi wenye ngao kumi za namna kumi ni vijana kumi tu. Vijana kumi wenye ngao za nakshi moja ni kikosi, ingawa hakuna adui mbele yao. Kila mmoja aliyeinama kuifuatisha rangi kwa uangalifu, bila kuongeza wala kupunguza, alikuwa akisema kimya kimya: mimi ni mmoja wenu.

Sasa niruhusu nikuchukue mbali, hata Marekani, kwa kuwa jambo hili hili limezuka huko kwa sura nyingine. Mwaka 1977 ilitolewa senema iitwayo Star Wars, ya vita vya kubuni kati ya nyota na nyota. Ndani yake wamo askari waliovaa deraya nyeupe kutoka utosini hata vidoleni. Senema ilipendwa mno, na watu wakatamani kuzivaa deraya hizo wenyewe. Mwaka 1997 Mmarekani Albin Johnson, pamoja na rafiki yake Tom Crews, walianzisha kundi liitwalo 501st Legion. Leo kundi hilo lina maelfu ya wanachama katika nchi nyingi za dunia. Hawapigani na mtu. Hushiriki sherehe, hutembelea watoto wagonjwa, na huwasaidia wanaochanga fedha za hisani.

Kuingia katika kundi hilo si kwa maneno. Mtu hutengeneza deraya yake mwenyewe, au huiunganisha vipande kwa vipande, kisha hupeleka picha zake. Wakaguzi huilinganisha na kigezo kilichoandikwa: rangi ya mstari, umbo la shavu la chapeo, idadi ya vifungo vya mkanda. Kikikosekana kitu, hurudishwa akatengeneze tena. Namna moja ya kuifanya kazi hiyo ni hii. Bamba la plastiki hupashwa moto hata likalainika, hulazwa juu ya kalibu, na hewa iliyo chini yake hunyonywa. Bamba hujibana na kalibu likashika sura yake. Wenye fedha chache hutumia sponji ngumu, kama ile ya mikeka ya watoto. Huikata, huipasha moto wakaikunja, huiunganisha kwa gundi, huifunika kwa rangi. Na mtazamaji aliye mbali huapa kwamba ameona chuma.

Hata swali la mwenye nakshi limeulizwa huko, tena mahakamani. Chapeo za askari wale weupe zilitengenezwa Uingereza na Andrew Ainsworth mwaka 1976, kwa kufuata michoro aliyopewa. Baada ya miaka mingi alianza kuziuza nakala zake, na kampuni yenye senema ikamshtaki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba chapeo ile si sanamu ya sanaa kwa maana ya sheria ya nchi hiyo, bali ni kifaa kilichotumiwa katika kazi ya senema. Hata hivyo mahakama hiyo ilikubali pia kwamba haki za kampuni zilizo katika sheria za Marekani zaweza kudaiwa mbele ya mahakama za Uingereza. Lipime jambo hilo pamoja na ndome. Baraza la Wakikuyu lisingeuliza kama ndome ni sanamu au ni kifaa. Nakshi ilikuwa mali ya rika na ya mtaa, na kila mwenye haki ya kucheza alikuwa na haki ya kuivaa.

Basi mwanachama wa kundi la Marekani na kijana wa Kikuyu wa zamani wangeelewana upesi wangekutana. Wote wawili walivaa deraya isiyo ya vita, wote walifuata kigezo, na wote walikaguliwa na wenzao. Lakini iko tofauti moja kubwa, nayo yatuhusu sisi. Yule wa Marekani akitaka kujua umbo la kifungo, hufungua picha akakitazama. Je, wewe wa Thika au wa Ruiru ukitaka kuchora ndome sahihi ya mtaa wa babu yako, utatazama wapi?

Sikiliza jinsi tulivyofika hapa. Waingereza walijenga ngome yao ya Fort Smith katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1891, na katika miaka iliyofuata walizishinda nguvu za vijana wa huku. Ngao za vita zikakosa kazi. Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika, na mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge yakaenea katika nchi hii. Vijana wakaenda kufanya kazi za mshahara, wengine wakaingia shule za misheni, na sherehe za marika zikafupishwa au zikaachwa. Ndome haikukatazwa na adui kwa upanga. Ilikufa kama moto unavyokufa ukikosa wa kuuchochea. Lilipokosekana baraza la kuamua nakshi, ngao ilibaki kipande cha mti chenye rangi ya mwisho iliyopakwa.

Vipande hivyo vingi havipo hapa. Wasafiri na maofisa walivinunua au walivichukua, na leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Katika mradi mmoja wa miaka ya karibuni, ambao Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalishiriki, vilihesabiwa vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 katika majumba 30 ya nchi za nje, na mwaka 2021 maonyesho ya habari hizo yalifanywa Nairobi. Kwenye kibandiko cha ndome iliyo ng'ambo utasoma, kwa kawaida, maneno machache: ngao ya ngoma, Wakikuyu, Kenya. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni kama kumwandika mtu katika kitabu cha vizazi kwa neno moja, “mtu.” Rika gani? Mtaa gani? Baraza lipi lilikaa, na kwa nini lilichagua nyeupe hapa na nyeusi pale? Hayo yalikuwa vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vimezikwa.

Wako waliojaribu kuokoa. W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine walitoa kitabu juu ya Wakikuyu mwaka 1910. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, aliandika habari za Wakikuyu wa kusini kwa marefu, lakini kazi hiyo haikuchapishwa hata mwaka 1977, miaka mitano baada ya kufa kwake. Tuwashukuru; walakini tukumbuke kwamba mgeni huandika alichoonyeshwa. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa mambo yamekuwa mengine. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu zaidi ya 490,000 Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika, wengi wao wametoka pande zote za Kenya. Darasani mwako wamo watoto wa Kikamba, wa Kiluo, wa Kiluhya, wa Kikuyu na wengineo, na hakuna baraza moja la kuwaamulia nakshi. Walakini hamu ya ujana haikufa. Kijana angali ataka kuvaa kitu kilicho kikubwa kuliko yeye, tena akivae pamoja na wenzake. Huenda atatengeneza deraya ya senema kwa sponji na gundi, nami sitamcheka, maana anafanya kazi ya mikono yenye adabu. Huenda shule yenu itapeleka ngoma katika Tamasha la Muziki la Kenya, nawe utapewa boksi na rangi utengeneze ngao.

Siku hiyo ikifika, usipake tu rangi iliyo karibu. Tafuta picha. Muulize nyanya yako, au mzee wa jirani, ngao za kwao zilikuwaje. Na ikiwa ni Mkamba au Mluo, muulize vile vile, maana kila watu wana zao. Ukiisha kuikamilisha, igeuze, na katika upande wa ndani usioonekana na watazamaji andika maneno haya kwa wino usiofutika: nakshi hii ni ya watu gani, ni ya mahali gani, nimeambiwa na nani, katika mwaka gani. Nje patabadilika kila kizazi, na ndivyo ipasavyo. Ndani pasikwanguliwe.