Kutoka Mitcham hadi "Starehe"



Najua nimepotea. Mama Mdogo ameshaniuliza mara mbili kama blogu imekufa. Haijafa! Ni zamu za usiku tu, nne mfululizo, na ukitoka nje asubuhi baridi inakusubiri mlangoni kama mtu anayekudai. Lakini ni mzima, nakula vizuri, na lile koti la mtumba nililonunua Karume bado linanisitiri.

Leo nina hadithi ndefu kidogo, kwa hiyo wekeni chai karibu.

Kazini kwetu kuna mama mmoja wa Kijamaika, mtu mzima, anakaribia kustaafu. Usiku wodi ikitulia huwa tunapiga soga. Nikawa namsimulia tamthilia moja ya Kimarekani niliyoitazama siku zangu za mapumziko, inaitwa Tales. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Unajua kwamba mmoja wa hao walioimba nyimbo hizo alizaliwa Mitcham?" Jamani! Mitcham ndiyo njia yangu ya kwenda kazini. Napita pale na basi kila siku nikisinzia dirishani.

Kwa wasioijua, Tales ilianza kuonyeshwa na kituo cha BET mwaka 2017. Aliyeibuni ni Irv Gotti, yule mwanzilishi wa lebo ya Murder Inc. iliyowatoa kina Ja Rule na Ashanti, ambao wengi wetu tulikata picha zao magazetini tukabandika ukutani. Alifariki Februari 2025. Wazo lake lilikuwa jepesi: chukua wimbo mmoja wa hip-hop, tengeneza hadithi kamili. Wiki inayofuata wimbo mwingine, waigizaji wengine, mji mwingine. Sehemu ya kwanza ilijengwa juu ya ule wimbo mkali wa N.W.A. wa mwaka 1988 dhidi ya polisi, lakini akageuza rangi: weupe ndio wanaoonewa, weusi ndio wenye mamlaka. Nyingine ikatokana na "Children's Story" wa Slick Rick. Huyo ndiye mtoto wa Mitcham.

Jina lake halisi ni Richard Walters, alizaliwa mwaka 1965, wazazi wake Wajamaika. Akiwa mchanga alichomwa na kipande cha kioo, jicho la kulia likapofuka, ndiyo maana hadi leo huvaa kitambaa kufunika jicho. Katikati ya miaka ya 1970 familia ikahamia Bronx, New York. Fikirieni, mtoto wa kama miaka 11, amehamishwa kutoka ugenini kwenda ugenini kwingine! Lakini lafudhi ya Uingereza haikumtoka, na ndiyo iliyomfanya asifanane na mtu. Wenzake walijisifu na kutukanana kwenye maiki, yeye alikaa chini akasimulia kama bibi jikoni.

"Children's Story" ulitoka katika albamu yake ya mwaka 1988. Watoto wako kitandani, wanamwomba mjomba awasimulie hadithi kabla ya kulala. Mjomba anawasimulia kuhusu kijana wa miaka 17 aliyeingizwa kwenye wizi, akakimbizwa na polisi, mwisho akapigwa risasi. Baada ya hapo watoto walale! Ukiusikia mara ya kwanza unacheza. Mara ya pili unajiuliza, ni mjomba gani huyu anawaambia watoto mambo ya namna hii usiku?

Mwenyewe naye hakupona na mtaa. Mwaka 1990 alimpiga risasi binamu yake na mtu mwingine aliyekuwa karibu. Wote wawili walipona, yeye akatumikia jela kama miaka mitano. Akatoka, akatulia. Mwaka 2002 akaenda kutumbuiza kwenye meli ya watalii, na aliporudi Miami maofisa wa uhamiaji wakamkamata: hakuwa raia, na ana kosa la jinai. Alikaa kizuizini miezi 17. Walitaka kumrudisha Uingereza, nchi aliyoondoka akiwa mtoto. Gavana wa New York alimsamehe mwaka 2008, na uraia wa Marekani akaupata mwaka 2016, umri miaka 51. Sisi tunaoishi kwa karatasi tunaelewa. Hata bahasha ya kawaida kutoka ofisi za serikali ikianguka mlangoni, moyo unaruka.

Huku London nako hadithi za namna hiyo zimeendelea. Kuna kijana wa Deptford, Rapman, wazazi wake kutoka Nigeria. Mwaka 2018 aliweka YouTube Shiro's Story, sehemu tatu, na kila mambo yanapochacha anatokea mwenyewe kuchana mistari ya kueleza kinachoendelea. Mwaka 2019 akatoa filamu ya Blue Story, marafiki wawili wanaogeuka maadui kwa sababu ya mtaa. Wiki ile ile ilipotoka, vijana walipigana kwenye jumba la sinema mjini Birmingham, na kampuni mbili za majumba ya sinema zikasimamisha filamu hiyo kwa muda. Filamu inawaambia vijana waache visu, watu wazima wanazima filamu.

Niliposoma habari hiyo nikakumbuka redio ya Mjomba. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wakubwa mnakumbuka, Zanzibar walikuwa na TV tangu miaka ya 1970, sisi wa Bara tukasubiri mpaka 1994. Lakini kwa Mjomba, fundi redio, hatukukosa kitu. Uani Morogoro kulikuwa na redio za watu kumi zikingoja vipuri, na moja daima inaongea. Tulisikia nyimbo kama watu wanavyofuatilia tamthilia. "Zali la Mentali" wa Professor Jay na Juma Nature: hohehahe anapendwa na binti wa kitajiri, na sisi watoto tunabishana kama wataoana. (Nani alijua kwamba mwaka 2015 Jay angekuwa mbunge wa Mikumi, mkoani kwetu?) Hizo zilikuwa Tales zetu, bila picha, bila umeme wa uhakika.

Halafu mwaka 2004 ukaja "Starehe" wa Ferooz, akimshirikisha Professor Jay. Kijana aliyeponda raha sasa ni mgonjwa, anasimulia maisha yake na majuto yake. Mnakumbuka ulivyopigwa? Dukani, kwenye daladala, saluni. Na mnakumbuka nyumbani kwetu ilikuwaje. Rais Mkapa alikwishatangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999, shuleni tunaimba ngonjera kuhusu ugonjwa huo, mtaani unaitwa ngoma, miwaya, umeme. Nyumbani hauna jina. Mjomba alikuwa na "kifua".

Siku moja wimbo ule ukaanza, Bibi akaagiza redio izimwe, wageni wako sebuleni. Mama akanyoosha mkono. Mjomba alikuwa kwenye mkeka, amekonda, akasema, "Acha, dada. Acha uimbe." Hakuongeza neno. Tulisikiliza mpaka mwisho, mimi, Mama na yeye. Nilikuwa na miaka 12 na nilielewa kila kitu. Alifariki mwaka uliofuata.

Nimekuwa muuguzi, na hili halijanitoka. Serikali yetu ilianza kutoa dawa za kurefusha maisha bure mwaka ule ule wa 2004, kwanza katika hospitali chache. Sisemi angepona, hakuna anayejua. Nasema hatukuuliza, kwa sababu kuuliza kulihitaji kutaja. Huku London, tangu Aprili 2022, mtu mzima akitolewa damu katika idara ya dharura, hupimwa na VVU pia, isipokuwa akikataa. Wapo wanaojua kwa njia hiyo, wanalia, wanaanza dawa, wanarudi kazini. Na anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Mjomba angekuwa na miaka 58 sasa, ameinamia simu ya mtu na bisibisi yake.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Mama. Nilidhani atakataa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, halafu akasema, "Andika. Bibi yako hayupo tena wa kuzima."

Kwa hiyo nimeandika. Anayejiona ndani ya hadithi hii, awe binamu, shemeji au rafiki, aende akapime, na akihitaji mtu wa kuongea naye anajua namba yangu. Usiku niko macho. Nikiwa mapumziko naweza hata kukusimulia hadithi.

Msalimieni Babu, na mwambieni dawa ya presha haimezwi siku anayojisikia tu!

Nawapenda wote.