Anguko Tupu, Si Mwanguko Huru

Hatua ya mruko wa angani inayoanza mrukaji anapoiacha ndege na kukoma mwavuli wake unapofunguka huitwa, katika baadhi ya tafsiri zilizotungwa mezani na watu ambao pengine hawajawahi kutazama mruko hata mmoja, "mwanguko huru". Istilahi hiyo imekopwa nzima kutoka fizikia, ambako ina maana yake halali, yaani mwendo wa kitu kinachoendeshwa na nguvu ya uvutano peke yake pasipo kizuizi cha hewa, kama ilivyoonekana mwaka 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alipoangusha nyundo na unyoya Mwezini, vikatua pamoja. Juu ya pwani ya Diani, Kenya, hewa ipo, tena tele: mrukaji aliyelala kifudifudi huongeza kasi kwa sekunde kumi au kumi na mbili hivi, kisha hewa humkinza hata kasi isizidi tena, ikabaki karibu kilomita 190 kwa saa.

Huru, zaidi ya hayo, ni neno la asili ya Kiarabu, *hurr*, lililomtaja mtu asiye mtumwa. Humo ndimo ulimochipuka uhuru, na ndiyo maana sikio la Mswahili husikia ndani yake mtu mwenye hiari, ilhali mwanafunzi anayeanza huanguka ameshikwa na wakufunzi wawili, mmoja kila ubavu. Ndani ya "anguko tupu", jina linalofaa zaidi, kivumishi *-tupu*, ambacho ni cha Kibantu, kina maana mbili na zote zinafaa: kukosa kitu, kama katika mikono mitupu, kwa kuwa mrukaji hana bado mwavuli juu yake, na kutochanganyika, kama katika uongo mtupu, kwa kuwa hatua hiyo ni kuanguka na kuanguka tu. Waliodai kwamba "anguko tupu" lingewafaa zaidi wanafizikia, kwa sababu mwanguko wao ndio usio na hewa, wamechanganya utupu wa mahali, ambao una jina lake, ombwe, na utupu wa aangukaye. Kosa hilo lingesameheka lau lisingetolewa kwa sauti ya kamati.

Darasani tofauti ni bayana: anayefunzwa kwa kamba tuli, yaani kamba iliyofungwa ndegeni inayoufungua mwavuli mara arukapo, hana anguko tupu la kuhesabika, na anayeruka na wakufunzi kutoka mita zipatazo 4,000 hulipata kwa muda usiofika dakika moja, akiisoma altimita mkononi hadi kimo cha kufungua. Wingi wa anguko tupu ni maanguko matupu. Wakufunzi, popote wafundishapo kwa Kiswahili, na walitumie, na mwanguko huru urudishwe kwa wanafizikia.