Kabla Hujafuta Neno "abstract"

Wasee wa Java, hii mnaijua. Unaandika `new Calendar()`, kompaila inakurushia: "Calendar is abstract; cannot be instantiated". Unaanza kushuku laptop yako.

Klasi dhahania ni wazo tu. Simama stage uite "chombo cha usafiri" uone nani atasimama. Matatu itasimama, boda atasimama, lakini "chombo cha usafiri" chenyewe hakina hata gurudumu. Ndio maana kompaila inakataa kukuundia.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Klasi zilianzia Oslo, Norway, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliotengeneza Simula 67. Baadaye Xerox PARC kule California wakaleta Smalltalk-80, na hao walikuwa na desturi moja: metodi ambayo haina kazi bado unaiandikia `self subclassResponsibility`, yaani hii ni kazi ya mtoto. Desturi tu, bana. Lugha haikukuzuia kuunda objekti ya klasi hiyo. Inaundwa fiti, inatembea fiti, mpaka metodi ile iitwe ndio programu ilalamike. Na hapo anayeitumia pengine si wewe, ni mteja.

Mmoja wa waliofunga huo mlango ni Bjarne Stroustrup wa Bell Labs, kwenye C++ toleo la 2.0, mwaka 1989. Metodi ukiimalizia na `= 0`, kompaila inakataa kuunda objekti kabla programu haijaanza. (Mbona sifuri? Amesimulia mwenyewe kwamba hakuona neno jipya likikubaliwa wakati huo.) Java ilipotoka ikaweka neno lenyewe, `abstract`. Python ikapata moduli ya `abc` mwaka 2008, ila hiyo hulalamika programu ikifika kwenye laini yenyewe.

Sasa kinachoniudhi ni ule ushauri wa "toa tu hiyo abstract, weka metodi tupu." Manze, fikiria una klasi inaitwa Malipo, na metodi yake `tuma()` umeiacha tupu. Kompaila imenyamaza, skrini inasema pesa imetumwa, na mama mboga hajaona hata shilingi. Umerudi nyuma kuliko Smalltalk, sababu Smalltalk angalau ilipiga kelele.

Na dawa si ngumu. `Calendar.getInstance()` inakupa mtoto halisi, mara nyingi GregorianCalendar. Ukitaka List, unda ArrayList. Kama klasi ni yako, andika mtoto wake, mwite MalipoKwaSimu ama vile unataka, kisha jaza metodi zote. Ukiruka moja, kompaila itakutajia jina lake, na ni wewe peke yako utaliona.