Kalibu ya Risasi: Kutoka Pwani Hadi Buteba

Wanafunzi huuliza kwa nini neno risasi lina maana mbili: madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, na tena kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Twawajibu kwamba Waarabu, ambao neno hilo limetoka kwao, huyaita madini hayo rasasi, na kwa kuwa vidonge vya bunduki vilifanywa kwa madini hayo, jina moja likatumika kwa vyote viwili. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Nyuma yake imo kazi ya mikono iliyosahauliwa, nayo ni kusubu risasi, yaani kuyayeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Hata kitenzi chenyewe, kusubu, ni nadra kusikika madarasani siku hizi. Katika makala haya twapenda kuifuata kazi hiyo hadi bara, katika nchi ya Buteba.

Buteba iko katika wilaya ya Busia, Uganda, kando ya mpaka wa Kenya na si mbali na Tororo. Mpaka huo si wa kale: hadi mwaka 1902 nchi zilizo mashariki yake, Kwa Mumia ikiwamo, zilikuwa chini ya himaya ya Uganda. Kusini kuna milima ya Samia, ambako wahunzi walifua majembe na mikuki iliyouzwa mbali. Moto na nyundo, basi, havikuwa vigeni hapa. Ila chuma hufuliwa, hakimiminwi kwa urahisi, kwani huyeyuka kwenye joto lipatalo digrii 1,538, na risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu. Moto wa mafiga huitosha. Mtu asiye mhunzi aliweza kuisubu nyumbani kwake, mradi ameipata. Na kuipata ndiko kulikokuwa kugumu, kwa maana ilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, pamoja na baruti, nguo na ushanga. Joseph Thomson alipofika katika mji wa Wanga mwaka 1883 misafara ya Waswahili ilikuwa imekwisha kumtangulia katika nchi hizo.

Bunduki waliyokuja nayo ilikuwa hasa gobori, nyingi zikiwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya. Hushindiliwa kwa mdomo: kwanza baruti, kisha kidonge, kwa mdeki. Mtutu wake ni laini kwa ndani, hauna mifuo ya kukizungusha kidonge, na hapo ndipo shida ya shabaha ilipoanzia. Bunduki ya kale ya askari wa Kiingereza ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, na kidonge chake kilikuwa cha milimita 17 na nusu. Nafasi hiyo iliachwa makusudi ili kushindilia kuwe rahisi hata masizi yanapojaa mtutuni. Lakini kidonge kilichopwaya hugonga huku na huko kikitoka, na pigo la mwisho ndilo linaloamua kitaelekea wapi. Kwa hiyo aliyetaka kulenga kweli alikizungushia kidonge kitambaa kilichopakwa mafuta, akapima baruti kwa kipimo kile kile kila mara, na zaidi ya yote akaiangalia kalibu yake.

Kalibu ya mkono ilikuwa mfano wa koleo lenye vichwa viwili, kila kichwa kikiwa na shimo la nusu tufe. Ikiwa baridi, risasi huganda kabla haijajaa na kidonge hutoka na makunyanzi. Kwa hiyo vidonge vya kwanza hurudishwa chunguni mpaka kalibu ishike joto. Taka huenguliwa juu, na kipande kidogo cha nta au shahamu husaidia kuzitenga. Maji yasikaribie kabisa: tone moja likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafula na kuirusha machoni. (Mvuke wa risasi yenyewe ni sumu, nasi hatumwelekezi mtu yeyote kuijaribu.) Kikonyo kinachobaki juu, kama cha tunda, hukatwa. Kisha kidonge hupimwa uzito. Cha ukubwa tulioutaja chapata gramu 31 hivi. Kikipungua, kina uwazi ndani, nacho kitakwenda upande.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba ulioziba njia ya bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, huku magobori ya gumegume yakiruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, nayo ilistahili kukomeshwa. Hata hivyo, matokeo yake kwa watu wa bara ni kwamba bunduki ya kalibu ndiyo waliyoachiwa, na serikali zikashika ile nyingine.

Tofauti hiyo ilionekana mwaka 1895 katika maboma ya Wabukusu, Lumboka na Chetambe, mashariki ya nchi tunayoizungumzia. Baadhi ya bunduki zilizozusha ugomvi ule zilitoka kwa askari wa Kisudani wa serikali. Bunduki ya namna ile hupakiwa nyuma, na huhitaji ganda la shaba nyeupe na fataki iliyopachikwa kiwandani. Ganda likiisha, kalibu ya nyumbani haina la kumsaidia mwenyewe. Upande wa pili ulikuwako mzinga wa Maksim. Wasimulizi husifu ushujaa wa waliokuwamo mabomani, nao wana haki. Sisi tungependa waulize pia walibaki na risasi ngapi, na wangepata wapi nyingine.

Tangu mwaka 1899 Semei Kakungulu na Waganda wake waliingia nchi hizi za mashariki na bunduki zao, na lugha yao ikaingia pamoja nao. Hapo neno letu laonekana tena katika sura nyingine. Waganda walipolipokea neno risasi waliichukua silabi ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, wakabaki na mzizi -sasi: essasi kwa umoja, amasasi kwa wingi. Wanyarwanda na Warundi nao husema isasu na amasasu. Mwalimu wa Buteba, mwenye darasa linalosikia Kiganda na Kiswahili, aweza kulionyesha jambo hili ubaoni kwa dakika tano.