Kura ya Bungoma na mwalimu wa ziada

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya seva na programu. Au tuseme siyaweki kando sana, mtaona wenyewe huko mbele.

Ukitoka Webuye kuelekea Kitale unapita Misikhu. Upande huu wetu wa Bungoma, pamoja na Butere-Mumias, ulitumika kwa jaribio kubwa la elimu mwaka 2005. Miaka miwili kabla, serikali ilikuwa imefuta karo za shule za msingi na madarasa yakafurika. Swali likawa: je, ukiongeza mwalimu mmoja, watoto watajifunza zaidi?

Njia rahisi ni kulinganisha shule zenye walimu wengi na zenye wachache. Lakini hiyo inadanganya. Huenda shule yenye walimu wengi ina wazazi wenye uwezo, na hapo hujui kilicholeta alama nzuri ni mwalimu au ni mfuko wa mzazi.

Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walipiga kura. Kati ya shule 210, 140 zilipata fedha za kuajiri mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza. 70 zilibaki kama zilivyo. Shule haikuchaguliwa kwa umaskini wala kwa kujuana, kwa hiyo tofauti iliyojitokeza baadaye ilikuwa na maana. Wenye tovuti hufanya vivyo hivyo: nusu ya wageni wanaonyeshwa ukurasa mpya, nusu ule wa zamani.

Matokeo yalishangaza. Darasa lilipungua kutoka wastani wa wanafunzi 82 hadi 44, lakini waliobaki na mwalimu wa serikali hawakupanda kwa kiasi cha kuonekana. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, aliyelipwa kama robo ya mshahara wa kawaida, ndio waliopanda. Yeye alifika darasani. Wenzake wa serikali walilegea baada ya kupata msaidizi.

Basi, tuajiri walimu wa mkataba nchi nzima? Serikali iliajiri takriban 18,000. Hapo ndipo hadithi inaponigusa mimi mwandishi wa programu. Kundi jingine la watafiti, akiwemo Germano Mwabu, lilipiga kura upya katika shule 192 za mikoa yote minane. Mara hii nusu ya walimu wa mkataba walisimamiwa na shirika la World Vision, nusu na serikali. Chini ya shirika, alama zilipanda. Chini ya serikali, hazikusogea.

Mwalimu ni yuleyule wa mkataba, darasa ni lilelile. Kilichobadilika ni mwenye kuendesha. Tena mwaka 2011, baada ya mgomo, serikali ilikubali kuwapa walimu hao ajira ya kudumu, na ule mkataba wa muda ukapoteza makali yake.

Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii: programu inakimbia vizuri kwenye kompyuta yako, ukiipeleka kwa mteja inagoma.

Mwaka 2019 Duflo, Kremer na Abhijit Banerjee walipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa majaribio ya namna hii, na wanastahili. Lakini kura ya Bungoma ilijibu swali la Bungoma, chini ya wale walioiendesha. Mtu akikuambia sera fulani "imethibitishwa", muulize: ilithibitishwa wapi, na nani aliiendesha? Kisha mwambie ajaribu tena kwa mikono itakayoiendesha kweli.

Mnaonaje? Tuzungumze.