Robert Smith (seremala)
Robert Smith (1722–1777) alikuwa fundi mkuu wa useremala na msanifu majengo katika jiji la Philadelphia, koloni la Pennsylvania. Alizaliwa Dalkeith, Uskoti, akahamia Marekani akiwa kijana. Zama hizo fundi mkuu ndiye aliyechora ramani, kukadiria gharama, kuajiri mafundi na kusimamia ujenzi hadi mwisho.

Smith alijenga mnara wa kanisa la Christ Church, uliokamilika mwaka 1754, na alishiriki kusanifu Nassau Hall ya Princeton (1756). Alikuwa mwanachama wa Carpenters' Company, chama kilichoanzishwa mwaka 1724 ambacho kilipanga bei za kazi na kusaidia wajane wa maseremala. Ndiye aliyesanifu ukumbi wa chama hicho, Carpenters' Hall, ambamo Kongamano la Kwanza la Bara, mkutano wa wajumbe wa makoloni, lilikutana Septemba na Oktoba 1774.

Mwaka 1775, vita vya makoloni dhidi ya Uingereza vilipoanza, alibuni vizuizi vya kulinda Mto Delaware: makasha makubwa ya magogo yaliyojazwa mawe na kuzamishwa, yenye boriti ndefu za ncha za chuma zilizoelekezwa juu kwa mshazari ili kutoboa meli za Uingereza. Alifariki Februari 1777, kazi za ulinzi wa mto huo zikiendelea.