Barafu ya Lewis yazidi kuyeyuka Mlima Kenya

BARAFU ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, iko kati ya kilele cha Nelion na kile cha Lenana.

Jina hilo lilitolewa na Mwingereza John Walter Gregory. Kundi la Mwingereza Halford Mackinder lilikuwa la kwanza kufika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, mnamo 1899. Zama hizo mlima ulikuwa na barafu zipatazo 18. Nyingi zimetoweka.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Baadaye ilikatika vipande viwili.

Joto si sababu pekee. Unyevu hewani umepungua, na theluji mpya haitoshi kuifunika barafu kuukuu. Theluji nyeupe huakisi miale ya jua, ilhali barafu chafu huifyonza, nayo ikayeyuka upesi.

Je, mito itakauka? Wengi huamini hivyo. Hata hivyo, maji ya mito inayolisha Tana na Ewaso Ng'iro hutokana hasa na mvua na msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Kwa hivyo, mkulima wa nyanda za chini ana sababu ya kuliogopa shoka kuliko jua.

Mnamo 2022, Unesco ilionya kuwa barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro huenda ikatoweka kufikia 2050. Kirinyaga, mlima ambao Agikuyu huuenzi kuwa makao ya Ngai, utasalia mwamba mtupu.